Jinsi ya Kuutunza Mche wa Kudumu Katika Kipupwe Chake cha Kwanza Nairobi

Sehemu kubwa ya mimea ya kudumu inayopandwa Nairobi huingia ardhini wakati wa masika, kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Mei, udongo ukiwa umelainika na wauza miche wa kando ya Barabara ya Ngong, ya Lang'ata na ya Kiambu wakiwa na shughuli tele. Mparachichi, mpera, mche wa matunda damu, waridi, rozmari au bogenvilia iliyopandwa Aprili hukutana na mtihani wake wa kwanza baada ya majuma machache tu, kipupwe cha Juni hadi Agosti kinapoingia kabla mizizi haijatoka vizuri nje ya lile bonge la udongo iliyokuja nalo kutoka kitaluni. Mti uliokwisha kukaa miaka mitatu hukipita kipindi hiki bila msaada wa mtu. Mche wa miezi mitatu humhitaji mwenyewe ajue la kufanya na, zaidi ya hapo, la kuacha.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba ndani ya jiji hili baridi yenyewe huua miche mara chache sana. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12 hivi, na mchana hupanda hadi 21 au 22; hakuna mparachichi wala mpera unaokufa kwa nyuzi 11. Kinachoiua ni maji yaliyokaa muda mrefu katika udongo uliopoa, chini ya anga iliyofunikwa na mawingu. Mwezi wa Januari jiji hupata wastani wa saa tisa hivi za jua kwa siku, lakini Julai hupata kama nusu ya hizo au pungufu, na asubuhi nyingi jua halionekani kabisa mpaka adhuhuri. Jani lisilopata jua hupumua maji kidogo, mzizi uliopoa hufyonza maji kidogo, na udongo ambao Februari ungekauka kwa siku mbili huweza kubaki na unyevu kwa juma zima au zaidi, ingawa Julai yenyewe ina mvua haba na manyunyu yake hayalowanishi hata koti. Maji yakikaa hivyo huifukuza hewa iliyomo kati ya chembe za udongo, mizizi hukosa pumzi, na vimelea vya kuozesha mizizi vya jamii ya Phytophthora na Pythium, ambavyo husafiri ndani ya maji, hupata nafasi waliyokuwa wakiingoja.

Mwenye mche huona nini? Huona majani yakilegea na kupoteza rangi, yale ya chini yakigeuka manjano kwanza. Kwa kuwa mmea wenye kiu nao hulegeza majani, huchukua ndoo akamwagilia, na kesho yake akaona hali imezidi, akaongeza maji. Miche mingi ya maparachichi iliyokufa mwezi wa Julai katika mitaa ya Utawala, Ruai na Syokimau imekufa hivyo, mikononi mwa watu walioipenda na kuihudumia kila siku. Ndiyo maana naandika kwa msisitizo kuhusu maji kuliko kuhusu blanketi, magunia na nailoni, vitu ambavyo watu huvikimbilia kwanza.

Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole cha shahada ardhini karibu na mche, umbali wa kiganja kimoja kutoka shinani, mpaka kifundo cha pili. Ukihisi ubaridi na chembe za udongo zikagandamana na ngozi, usimwagilie hata kama juu pamekauka na kupasuka nyufa ndogo. Ikiwa bado una shaka kwa sababu majani yamelegea, fukua taratibu kwa vidole upande mmoja mpaka uupate mzizi mmoja mwembamba. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa, ni mgumu, na ukiukwaruza kwa ukucha huonyesha nyama mbichi. Mzizi uliooza ni wa kahawia au mweusi, na ukiubana kati ya kidole gumba na cha shahada kisha ukauvuta, ganda lake huteleza lote likabaki mkononi huku uzi mwembamba wa katikati ukibaki ardhini. Ukiuona uzi huo, jua kwamba mche hauna kiu. Acha maji, fungua njia ya maji kutoka, na punguza matandazo, yaani nyasi kavu, majani au maganda ya kahawa yaliyotandazwa juu ya udongo, ili udongo upate hewa. Mche ambao nusu ya mizizi yake bado ni myeupe huweza kupona.

Ukikuta udongo umekauka kweli, mwagilia asubuhi kati ya saa tatu na saa nne, ili majani yaliyorukiwa na maji yakauke kabla ya jioni. Lita tano kwa mche mmoja wa mti wa matunda zatosha, na mara nyingi hutahitaji kurudia kabla ya siku saba hadi kumi. Maji ya jioni yana madhara mawili: huupoza udongo zaidi usiku unapoingia, na huacha majani mabichi saa zote za giza, jambo linaloalika ugonjwa wa ubwiri vinyoya kwenye waridi na ukungu wa kijivu kwenye maua na vichipukizi laini.

Udongo na njia ya maji

Nairobi ina udongo wa aina mbili kuu, na mtu asiyejua amesimama juu ya upi hawezi kufuata ushauri wa jirani wa mtaa mwingine. Upande wa magharibi na kaskazini, kuanzia Karen na Dagoretti hadi Westlands, Runda na kuingia Kiambu, kuna udongo mwekundu wenye kina, unaopitisha maji vizuri. Upande wa mashariki na kusini, Embakasi, Utawala, Syokimau, Athi River na Kitengela, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, na ukishalowa hushika maji kwa ukaidi mkubwa. Katika udongo mwekundu, mche wako karibu utajitunza wenyewe endapo hutauzamisha. Katika udongo mweusi, kazi ya kuulinda huanza siku ya kupanda.

Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze mara ya pili jioni. Ikiwa asubuhi ya siku inayofuata bado kuna maji ndani yake, mahali hapo hapafai kupandwa mti chini ya usawa wa ardhi. Watu wengi hudhani dawa ni kuchimba shimo kubwa la futi mbili na kulijaza udongo mwekundu ulionunuliwa kwa lori, pamoja na samadi na mchanga. Kwa kweli hilo huzidisha tatizo, kwa kuwa maji ya eneo zima hukimbilia kwenye udongo ule mlegevu, hufika kwenye kuta za mfinyanzi na kukosa pa kwenda, na mche hubaki umesimama ndani ya maji usiyoyaona. Lililo bora ni kupanda juu ya tuta: kusanya udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, uinue sentimita 30 hadi 45 juu ya ardhi, kwa upana wa mita moja au zaidi, kisha panda juu yake ukihakikisha kwamba mahali kikonyo, yaani kipande cha juu kilichopandikizwa, kilipounganishwa na shina la chini pamebaki juu ya udongo kwa upana wa kiganja.

Ikiwa umekwisha kupanda bila tuta, usiung'oe mche katikati ya kipupwe. Upande wa chini wa mteremko chimba mfereji wa kina cha jembe moja, uanzie karibu nusu mita kutoka shinani na uelekee mahali maji yanapoweza kumwagika. Halafu angalia ile kingo ya udongo ya mviringo uliyoijenga kuuzunguka mche mwezi wa Aprili ili maji yasikimbie. Kingo hiyo ilikuwa na faida wakati wa kupanda, lakini ikifika wiki ya kwanza ya Juni inapaswa kubomolewa, na udongo wake uvutwe shinani kwa namna ya mwinuko mdogo, ili matone ya mvua na manyunyu yateremke yakienda mbali na mche. Ni kazi ya dakika tano kwa jembe, na sijui nyingine yoyote inayookoa miche mingi kiasi hiki kwa jasho dogo namna hii.

Jua la kaskazini na upepo wa kusi

Nairobi iko kusini kidogo mwa ikweta, kama digrii moja na robo. Kutoka katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na mwezi wa Juni saa sita mchana huwa limeinama kuelekea kaskazini kwa karibu digrii 25 kutoka utosini. Kwa hiyo ukuta au jengo lililo kaskazini mwa mche wako hulinyima shamba jua katika miezi ile ile ambayo jua ni haba zaidi. Mahali palipokuwa na mwanga mzuri ulipopapima Februari panaweza kuwa kivulini mwezi mzima wa Julai. Mwenye miche ya vyunguni ana nafuu, kwa maana anaweza kuihamishia upande wa kaskazini wa nyumba, iegemee ukuta wa mawe unaopata joto mchana na kulirudisha polepole jioni. Mwenye mche uliokwisha kupandwa anaweza kupunguza matawi ya mti mkubwa au ua ulio kaskazini yake, ingawa majengo ya ghorofa hayapogolewi.

Upepo wa majira haya hutoka zaidi upande wa kusini mashariki. Katika bonde la Karura au katika mitaa yenye miti mingi hauhisiwi sana, lakini katika nyanda zilizo wazi za Kitengela, Mlolongo na Embakasi hupiga mchana kutwa, huutikisa mche na kukata vizizi vipya kila vinapojaribu kushika udongo. Mche wa matunda damu, wenye majani mapana na mizizi ya juujuu, huteseka kuliko mingine na huweza kulala chali usiku mmoja. Pigilia miti miwili ardhini, mmoja kila upande wa mche, na uufunge katikati kwa kamba laini iliyozungushwa kwa umbo la nane, ili shina liweze kuyumba kidogo bila kusuguliwa. Kisha weka kinga upande wa kusini mashariki peke yake: kipande cha neti ya kivuli au gunia la sisali lililotandazwa kwenye vijiti viwili. Kinga inayopitisha upepo kiasi ni bora kuliko bati au nailoni, kwa sababu upepo unaogonga ukuta mzima huruka juu na kushuka kwa nguvu upande wa pili. Usiuzungushie mche gunia pande zote nne, kwani utakuwa umeunyima mwanga uliobakia na kufungia unyevu ndani.

Mbolea, makasi na matandazo

Mche ulionyauka rangi mwezi wa Julai huwashawishi watu waende dukani kununua kilo ya CAN, mbolea ya kukuzia yenye nitrojeni. Nawasihi waache. Katika udongo uliopoa mizizi haiwezi kuitumia ipasavyo, na kile kidogo kinachofyonzwa huchipusha majani laini, mapana, yenye maji mengi, ambayo ni chakula cha vidukari na ukungu. Wekundu wa zambarau unaojitokeza kwenye majani ya baadhi ya miche hutokana mara nyingi na mzizi baridi kushindwa kufyonza fosforasi ambayo tayari imo ardhini, na hutoweka wenyewe jua linaporudi. Mbolea ya mwisho iwekwe kabla ya mwisho wa Aprili, na inayofuata isubiri hadi Septemba.

Makasi nayo yakae. Kila jeraha la kupogoa hupona polepole wakati huu, na kila kichipukizi kinachofuata hutoka katika hali ya hewa isiyokifaa. Ondoa tu majani yaliyokufa au yenye ukungu, uyatoe kabisa bustanini badala ya kuyaacha chini ya mche.

Kuhusu matandazo, ushauri wa jumla kwamba yawekwe kila wakati hautoshi. Katika udongo mwekundu, tandaza unene wa sentimita tano, ukiacha duara tupu la upana wa kiganja kuzunguka shina. Katika udongo mweusi ambao tayari umelowa, yaondoe kabisa kuanzia Juni na uyarundike kando mpaka Septemba, ili mwanga mdogo unaopatikana uupashe udongo joto na kuukausha.

Rozmari na lavenda zinahitaji neno lake. Asili ya zote mbili ni nchi zinazopakana na Bahari ya Mediterania, ambako hukua kwenye miteremko ya mawe, na zinavumilia baridi kali kuliko yoyote itakayofika Nairobi. Zisichovumilia ni miguu iliyolowa. Zipande juu ya mwinuko wenye kokoto nyingi, usizipe samadi, na katika kipupwe usizimwagilie kabisa ikiwa ziko ardhini.

Miche ya balkoni

Chungu hupoa haraka kuliko ardhi, lakini pia ni rahisi kukiokoa. Ondoa sahani iliyo chini yake kuanzia Juni, kwani maji yanayotuama humo hurudi juu. Inua chungu kwa vipande viwili vya matofali ili tundu la chini lipumue na kisikalie saruji baridi. Uzito ndio kipimo chako: kiinue kikiwa kimetoka kumwagiliwa, kiinue tena kila baada ya siku mbili, na usikipe maji mpaka kiwe chepesi wazi mikononi. Ikiwa kuna mtu wa nyumbani mwenye desturi ya kumwagilia kila asubuhi, mweleze. Mche mmoja hauwezi kuhudumiwa na watu wawili wasiosikilizana.

Kwa walio Limuru, Tigoni na Kinangop

Wasomaji wa nyanda za juu wana adui ambaye wa jijini hana haja ya kumhofia, nayo ni jalidi, ile barafu nyembamba inayoonekana juu ya nyasi alfajiri. Haiji katika usiku wa mawingu, kwa sababu mawingu huzuia joto la ardhi lisipotee angani. Huja usiku mkavu, wenye nyota na usio na upepo, ukiwemo ule wa Januari na Februari, na ndiyo sababu mkulima wa huko hapaswi kulegea Agosti inapokwisha. Hewa baridi ni nzito, hutiririka kama maji kuelekea mabondeni; kwa hiyo panda katikati ya mteremko, na ikiwa una ua mzito upande wa chini, fungua pengo ili hewa hiyo ipite isije ikatuama juu ya miche.

Siku inayotangulia usiku kama huo, na hapa ushauri wa maji hubadilika, mwagilia mapema mchana udongo uliokauka na usogeze matandazo kando, kwa maana udongo wenye unyevu na ulio wazi huhifadhi joto la jua na kuliachia usiku. Kabla jua halijatua simika vijiti vinne virefu kuliko mche, ufunike kwa gunia au shuka nzee inayofika chini mpaka ardhini bila kugusa majani, na uondoe kifuniko ifikapo saa mbili asubuhi. Nailoni inayogusa majani huyaunguza kwa baridi kuliko kuyaacha wazi. Kuchoma takataka ili moshi ufunike shamba hakusaidii kitu, kwani moshi hauzuii joto kupotea. Majani yakiungua na kuwa meusi, yaache mahali pake kwa majuma kadhaa mpaka vichipukizi vipya vionyeshe mti umekufa hadi wapi. Anayekata mapema hukata pia sehemu iliyo hai.

Kipupwe kinapokwisha

Mwisho wa Agosti mawingu huanza kufunguka, na hapo miche mingi iliyonusurika huumizwa na jambo jingine. Majani yaliyokua kwa miezi mitatu kwenye mwanga hafifu hukutana ghafla na jua la Septemba, ambalo mwishoni mwa mwezi hupita utosini. Shina changa la mparachichi hupasuka gome. Lipake chokaa, au rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa nusu kwa nusu, kuanzia chini mpaka matawi ya kwanza, na miche iliyokuwa kivulini uitoe kidogo kidogo kwa muda wa majuma mawili. Rudisha matandazo, ukiangalia mchwa chini yake, kwa kuwa kiangazi kifupi cha Septemba huwavuta kwenye nyasi kavu na kutoka hapo kwenye shina. Anza kumwagilia mara mbili kwa juma, weka samadi iliyooza, na jenga upya ile kingo ya mviringo kabla ya mvua za vuli za Oktoba.

Miche uliyoinunua mwisho wa Mei au baadaye haikupaswa kuingia ardhini kabisa. Mahali pake palikuwa kwenye kiriba, ule mfuko wa nailoni iliyokuja nao kutoka kitaluni, chini ya upenu, upande wa kaskazini. Vuli ikianza, chana kiriba kwa wembe kutoka juu hadi chini, ukague kama mizizi imejizungusha chini kwa kukaa humo muda mrefu, ikate ile iliyojiviringa, kisha upande mche jioni ya siku yenye mawingu.